Je, mwanamke aliyeokoka na anayeongoza wenzake anaruhusiwa kukasirika?

"Mimi ni mama wa miaka 46, ninaishi Muyeye, Malindi, na kwa miaka minne nimekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu. Tunachanga kila Jumamosi na kukopeshana. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, ambaye hajalipa mkopo wake tangu Pasaka, alisimama mbele ya wote akasema kwamba ninaringia daftari kana kwamba fedha ni zangu. Nilipandwa na hasira, nikamjibu vibaya mpaka sauti ikakatika, kisha nikalia. Mchungaji aliniita, akaniambia kwamba kiongozi aliyeokoka hatawaliwi na hisia, nifunge siku tatu na nifikirie kukaa kando. Nimefunga na nimeomba. Sasa mikutanoni sisemi kitu, lakini nyumbani ninawafokea watoto kwa jambo dogo, na ninaamka saa tisa usiku moyo ukinidunda. Je, imani yangu ina kasoro? Na je, niache uongozi?"

Dada mpendwa, umeuliza maswali mawili, lakini barua yako inabeba na la tatu ambalo hukuliandika: imekuwaje umetii yote uliyoambiwa na hali yako ikazidi kuwa mbaya? Nitaanzia hapo, maana hilo likieleweka hayo mawili hayatatusumbua sana. Hukuzidiwa kwa sababu maombi yako yalikuwa machache. Umezidiwa kwa sababu ulichokuwa ukijaribu kukifanya, yaani kuizima hasira isionekane kabisa, ni jambo ambalo mwili wa binadamu hauliwezi bila kudhurika, na madhara yake ndiyo hayo unayoyaona kwa watoto wako na katika usingizi wako.

Mchungaji wako hakukosa msingi wote. Mithali 15 inasema kwamba jawabu la upole hugeuza hasira, na Yakobo anatutaka tuwe wepesi wa kusikia bali si wepesi wa kusema wala kukasirika. Kiongozi aliyemjibu mwenzake vibaya mbele ya kikundi kizima ana jambo la kurekebisha, nami nitalirudia hapa chini bila kukuficha. Lakini kumwambia mtu asitende dhambi akiwa na hasira ni tofauti sana na kumwambia asiwe na hasira, na Maandiko yanasema lile la kwanza. Paulo aliwaandikia Waefeso, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi." Katika Marko 3, Yesu aliwatazama watu wa sinagogi kwa hasira, akahuzunishwa na ugumu wa mioyo yao, na papo hapo akamponya mtu aliyepooza mkono. Akielekea kaburini kwa Lazaro alilia machozi mbele ya watu waliomtazama. Mwanamke akiambiwa kwamba hisia kali ni dalili ya imani pungufu, anabebeshwa sheria ambayo Bwana wake mwenyewe hakuishika.

Ningependa pia umsome Hana upya, katika 1 Samweli 1, kwa sababu nadhani amekaa karibu sana na wewe. Alichokozwa na mke mwenziwe mwaka hata mwaka mpaka akalia na kushindwa kula. Alipokwenda kumimina uchungu wake hekaluni, kuhani Eli alimwona midomo ikitikisika bila sauti, akamdhania mlevi, akamkemea. Hana hakumtukana kuhani, na wala hakukubali kuitwa kile ambacho hakuwa. Alimweleza kwa adabu kwamba yeye ni mwanamke mwenye huzuni rohoni. Eli naye, na hapa ninamheshimu sana, akageuza neno lake na kumbariki. Mtumishi wa Mungu anaweza kukosea anaposoma uso wa mwanamke, na mwanamke anaweza kumsahihisha pasipo kumvunjia heshima. Huo ndio mwenendo ninaokushauri utakapozungumza na mchungaji wako.

Sasa tuitazame Jumamosi ile yenyewe. Uliposikia kwamba unaringia daftari, sehemu ndogo ndani ya ubongo iitwayo amigdala ilipiga mbiu ya hatari kabla sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo hupima maneno na matokeo yake, haijamaliza kutafakari kilichosemwa. Tezi zilizo juu ya figo zikamwaga adrenalini katika damu. Mapigo ya moyo yakaongezeka, pumzi ikawa fupi, misuli ikakaza, na koo nalo ni misuli, ndiyo maana sauti ilikukatika. Machozi yaliyofuata yalitokana na msukosuko huohuo. Haya hutokea kwa aliyeokoka na asiyeokoka, kwa askofu na kwa mchuuzi wa samaki. Hukuyachagua, wala hutahukumiwa kwa ajili yake. Unalowajibika kwalo ni lile linalofuata, yaani maneno unayoyatoa na muda unaoukubali upite kabla hujayatoa, na humo ndimo kiasi, kinachotajwa katika Wagalatia 5 miongoni mwa tunda la Roho, hufanya kazi.

Baada ya kukemewa ulichagua kunyamaza. Wengi hufanya hivyo, na kanisani hupongezwa kwa kuwa wapole. Lakini mwanasaikolojia James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wamewachunguza, tangu miaka ya 1990, watu wanaoficha hisia usoni huku zikiendelea ndani, na wakakuta kwamba uso hutulia lakini uchungu haupungui, moyo na mishipa ya damu hufanya kazi kwa nguvu zaidi, na hata kumbukumbu ya yaliyozungumzwa hupungua. Fikiria jambo hili linamaanisha nini kwa mwenyekiti. Wanachama wanakuona umetulia, kumbe kifua kinapiga, na ukifika nyumbani hukumbuki vizuri kikundi kiliafikiana nini. Kisha mtoto anaangusha kikombe na anapokea maneno yaliyokuwa ya mtu mwingine. Hasira katika hili ni kama homa: inakuambia kwamba kuna kitu mwilini kinachohitaji kushughulikiwa, na anayemeza dawa ya kushusha joto tu bila kutafuta chanzo atajikuta anatetemeka tena usiku.

Utakutana na ushauri wa upande wa pili pia, hasa kwa marafiki wanaokupenda: "Mwambie yote, toa dukuduku lako, utapata nafuu." Nao unapotosha. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman alichapisha jaribio ambamo watu waliochokozwa walipewa mfuko wa kupigia ngumi huku wakimfikiria aliyewachokoza. Walitoka wakiwa na hasira zaidi kuliko wale walioachwa wakae kimya dakika chache. Kufoka huizoeza hasira iwe nyepesi kuja. Kwa hiyo sikushauri uizime, wala sikushauri uimwage. Ninakushauri uisikilize, ujue inadai nini, kisha dai hilo ulipeleke mahali linapoweza kutatuliwa.

Kuisikiliza huanza kwa kuitaja sawasawa. Umeandika "hasira", lakini nilipoisoma barua yako niliona mambo mengine chini yake. Kuna aibu ya kudhalilishwa mbele ya watu unaowaongoza, kuna uchovu wa miaka minne, na kama sikosei kuna hofu kwamba fedha za akina mama wenzako zitapotea mikononi mwako. Mwaka 2007 Matthew Lieberman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha pamoja na wenzake kwamba mtu anapoitaja hisia kwa jina, shughuli ya amigdala hupungua. Waandishi wa Zaburi walikuwa wakifanya hivyo zamani sana mbele za Mungu, wakisema wazi kwamba wameonewa, wameachwa, wamechoka. Maombi yako yanaweza kubeba maneno hayohayo. Kumwambia Mungu "niondolee roho ya hasira" bila kumwambia ulichoumizwa nacho ni kuyafupisha maombi mahali ambapo yalipaswa kurefushwa.

Ninapofika kwenye uongozi, mtu ninayemtaka ukae naye muda mrefu ni Nehemia, sura ya 5. Watu na wake zao walimlilia kwamba wakuu wanawatoza riba ndugu zao mpaka wanapoteza mashamba na watoto wao. Nehemia anaandika mwenyewe kwamba alikasirika sana. Kisha anasema alifanya shauri na nafsi yake kabla ya kuwakabili wakuu. Baada ya hapo aliitisha kusanyiko, akaieleza hoja wazi, akapata ahadi yao, akawaita makuhani ahadi ile iapishwe. Angalia hasira yake iliishia wapi: iliishia katika utaratibu uliobaki hata yeye alipokwisha kutulia. Hakuimeza, na hakuimalizia kwenye matusi.

Kikundi chenu, nadhani, kimekuachia wewe mambo ambayo yangepaswa kuwa katika maandishi. Mtu amekaa na mkopo tangu Pasaka na hakuna kanuni inayosema nini kifuatie, basi kila Jumamosi wewe ndiwe unayegeuka kuwa kanuni hiyo. Unamkumbusha kwa uso wako, kwa sauti yako, kwa jinsi unavyolishika daftari, na yeye anaona kwamba anadaiwa na wewe badala ya kudaiwa na kikundi. Hata mtulivu kuliko wote angelipuka siku moja. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inavitaka vikundi kuwa na katiba. Ikiwa yenu ipo, isomeni upya, na ikiwa haina kifungu cha mikopo, kiandikeni. Kiseme mkopo unadumu muda gani, faini yake ni ipi, na kwamba majina ya wanaodaiwa husomwa na mweka hazina, kamwe si mwenyekiti. Ningependa pia kiseme kwamba mtu aliyechelewa atembelewe kwanza nyumbani na wenzake wawili kabla jina lake halijatajwa mkutanoni. Mathayo 18 inatutaka tuanze na aliyekosa faraghani, kisha ndipo tuongeze mashahidi, na sijui kwa nini makanisa yetu husoma sura ile kwa ajili ya dhambi za uasherati tu na kuisahau inapohusu fedha.

Hata kanuni zikiwapo, maneno ya kuchoma yatakuja, kwa hiyo jizoeze la kufanya. Sema umekaa mezani, daftari liko wazi mbele yako, kalamu iko mkononi, na mtu anasimama na kuanza. Dalili ya kwanza kwako haitakuwa wazo, itakuwa mwilini: pengine vidole vinaibana kalamu, au masikio yanapata joto. Hapo weka kalamu chini juu ya daftari. Kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili kunasaidia. Vuta pumzi ya kawaida, kisha itoe polepole, ndefu kuliko uliyoivuta, mara tatu au nne; pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo kupitia mshipa wa fahamu unaoteremka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni. Hakuna atakayejua. Wakati huo jiambie kimyakimya, "Nimeaibishwa, na Mungu yuko hapa." Halafu sema sentensi moja uliyoiandaa mapema, kwa mfano: "Mama, nimekusikia, na neno lako ni zito, tutalijibu baada ya mweka hazina kusoma hesabu." Ukihisi kwamba hata sentensi hiyo itatoka ikitetemeka, mwombe makamu wako aongoze wimbo, nawe utoke nje dakika chache. Kiongozi anayetoka kwa muda na kurudi hajashindwa.

Zoezi hili lifanye nyumbani siku ambazo hujakasirika, kwa maana mwili haujifunzi jambo jipya katikati ya vita.

Kuhusu mwenzako yule, unapaswa kumwomba radhi, na uwe mwangalifu kuhusu unaloliombea radhi. Unaomba radhi kwa namna uliyosema, huombi radhi kwa kumdai. Ningesema hivi: "Dada yangu, nilikujibu kwa maneno ambayo hayakukustahili, tena mbele ya watu, nisamehe. Suala la mkopo liko palepale na kikundi kitalizungumza nawe kwa utaratibu." Kwa kuwa ulimkosea hadharani, mweleze faraghani kwanza, kisha useme sentensi moja mkutanoni. Chagua saa nzuri. Abigaili, katika 1 Samweli 25, alirudi kwa mumewe akiwa na habari nzito, akamkuta amelewa, na hakumwambia lolote, dogo wala kubwa, mpaka asubuhi. Wapo wanaouchukua mstari uleule wa Waefeso, unaoendelea kusema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, wakadhani ni lazima kila ugomvi umalizwe usiku uleule. Paulo anakataza kuulea uchungu. Hakuamuru watu wawili waliochoka wagombane mpaka usiku wa manane.

Yapo mambo ambayo hayako mikononi mwako, na si haki ukajilaumu kwayo. Mzee wa kanisa akigonga meza kwenye kamati ya ujenzi huitwa mtu mwenye msimamo. Mwanamke akipandisha sauti kidogo huambiwa ana kisirani au anasumbuliwa na roho. Nimeliona hili katika makanisa makubwa na madogo, na linaniumiza, hasa katika mji huu wenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, aliyewasimamisha Wagiriama dhidi ya utawala wa Waingereza mnamo 1913 kwa sababu alikataa kuona watu wake wakidhulumiwa huku akikaa kimya. Kipimo hicho cha pande mbili hutakiondoa kwa siku moja. Unaweza tu kukataa kukitumia dhidi yako mwenyewe, na dhidi ya mabinti wanaokutazama.

Mwili wako nao una neno. Katika miaka yako, wanawake wengi huanza kipindi cha kuelekea kukoma hedhi, na homoni zinapopanda na kushuka huleta kukatika kwa usingizi, joto la ghafla, moyo kudunda na wepesi wa kuudhika. Upungufu wa damu, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi na shinikizo la damu vinaweza kuleta baadhi ya dalili hizohizo. Kuamka saa tisa na moyo ukidunda hakupaswi kuitwa vita vya kiroho kabla damu na shinikizo havijapimwa. Na kuhusu kufunga: mtu mwenye njaa na usingizi mchache huwa na subira ndogo zaidi, na Isaya 58 tayari iliwakemea waliokuwa wakifunga huku wakigombana. Funga ukipenda, kwa hiari na kwa kiasi, lakini ikiwa unatumia dawa ya shinikizo au ya kisukari muulize daktari kwanza, wala usiiache. Sisi wa Malindi tuna sababu ya kulisema hili kwa uzito. Tangu mwaka 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, wengi wao waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa, hakuna mchungaji wala mshauri anayeweza kuagiza kufunga pasipo kuuliza afya ya anayefunga. Simfananishi mchungaji wako na waliofanya yale. Ninasema tu kwamba swali hilo sasa ni la lazima kwetu sote.

Je, uache uongozi? Usiamue mwezi huu. Uamuzi unaofanywa katika aibu huwa ni kukimbia, hata ukivikwa jina la unyenyekevu. Kama kikundi kitakubali kuandika kanuni na mweka hazina akachukua kazi yake, ningependa ubaki, kwa sababu mtu aliyevunjika sauti kwa ajili ya fedha za wenzake ni mtu anayejali. Kama umechoka hasa, omba likizo ya miezi michache, makamu aongoze, nawe uwe na tarehe ya kurudi. Na ikiwa baada ya kupumzika bado unaona moyo hauko pale, basi kuondoka ni halali, nawe uondoke kwa barua na makabidhiano ya vitabu, pasipo kuitwa mwenye dhambi. Ninachokipinga ni kuondolewa kwa sababu ulilia. Mweleze mchungaji hivyo, kwa mfano: "Mchungaji, nimekosea kwa maneno yangu na nimekwisha kuomba radhi, ninaomba unisaidie kanuni za mikopo ziandikwe, na jambo la kukaa kando tulizungumze baada ya miezi mitatu." Kama unaona vigumu kwenda peke yako, nenda na mama mtu mzima wa kanisa ambaye nyote wawili mnamheshimu.

Kuna hali ambazo barua haitoshi. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huzuni haikuachi, hamu ya chakula au ya kazi imepotea, au unahisi ungekuwa heri usingekuwapo, tafuta msaada leo, usingoje Jumamosi. Nabii Eliya, chini ya mti wa mretemu, aliomba afe, na Mungu alimpa kwanza usingizi na mkate kabla ya kumuuliza swali lolote. Hakuna fedheha katika kuhitaji hivyo. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya, 1199, hutoa ushauri wa kisaikolojia kwa simu. Ikiwa hasira ya nyumbani imefikia kuwapiga watoto, au ikiwa wewe mwenyewe unapigwa au kutishwa na mtu, hilo si suala la kudhibiti hisia. Piga 1195, nambari ya bure ya kusaidia waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Maumivu ya kifua, kuzimia au pumzi kukata ni mambo ya kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Ukitafuta mshauri nasaha wa kukaa naye ana kwa ana, muulize bila haya kama amesajiliwa kulingana na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na kama yuko tayari kuiheshimu imani yako bila kuitumia kukutisha. Anayeyakasirikia maswali hayo mwache, tafuta mwingine. Kwa wiki hii, nenda hospitali ya serikali hapa mjini upimwe shinikizo na damu, umweleze daktari kuhusu usingizi na hedhi yako, kisha ndipo umwombe mchungaji siku ya kuonana.